Chema Hakijiuzi: Muuza Vitabu na Hatima ya Kitabu cha Kiswahili Jijini Nairobi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Ni methali tuliyoikariri tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumewahi kuipamba insha kwayo ili kumridhisha mtahini. Hata hivyo, ndugu msomaji, naomba ruhusa yako niipinge leo, japo katika uwanja mmoja tu, nao ni uwanja wa vitabu. Embe bivu hunukia likamwita mpita njia. Kitambaa kizuri huning'inizwa mlangoni kikavuta jicho. Kitabu hakinukii, na jalada lake haliwezi kueleza yaliyomo. Uzuri wake umefumbwa ndani ya kurasa, na ni nadra mtu kufungua kitabu asichokijua pasipo kuambiwa na mtu anayemwamini: soma hiki. Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu, rafiki au mzazi. Katika jiji kubwa, ambako walimu wana silabasi ya kumaliza na wazazi wana nauli ya kutafuta, mtu huyo aghalabu ni muuza vitabu.

Makala haya yanakusudia kumtetea muuza vitabu wa kujitegemea jijini Nairobi, yaani yule anayejichagulia mwenyewe kitabu cha kuweka rafuni na anayepata hasara mwenyewe akikosea. Aidha, yanakusudia kutulaumu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba kitabu cha Kiswahili nchini Kenya kina waandishi, kina wachapishaji, kina tuzo, na tangu Katiba ya 2010 lugha yenyewe si ya taifa tu bali ni rasmi pia. Kinachokosekana ni sauti ya kukipendekeza nje ya mtihani. Sauti hiyo ingetoka dukani, nasi tungepaswa kuwa wa kwanza kuisaidia isikike.

Tuliyorithi

Wako watakaosema kuwa muuza vitabu ni mfanyabiashara kama muuza sukari, na kwamba kumpa sifa za ulezi wa lugha ni kumvika kilemba kisichomtosha. Historia ya jiji letu inawakanusha. Mwaka 1954 alifika Kenya msichana kutoka Uingereza aliyetumwa na wamishonari kuja kuuza vitabu. Msichana huyo ndiye aliyekuja kujulikana kwa jina la Marjorie Oludhe Macgoye, baada ya kuolewa katika jamii ya Wajaluo na kuifanya Kenya kuwa kwao. Tunamkumbuka zaidi kwa riwaya yake ya mwaka 1986, Coming to Birth, iliyotunukiwa Tuzo ya Sinclair. Tunasahau kuwa kabla ya kutambuliwa kama mtunzi alikuwa muuza vitabu kwa taaluma. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 aliliendesha duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akarejea Nairobi na kulisimamia duka la S. J. Moore, katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue, hadi mwaka 1980. Humo dukani aliandaa vikao vya kusoma na kujadili maandishi. Hakungoja kitabu kijiuze; alikikusanyia watu, akawakalisha, akawaacha wakijadili. Macgoye alifariki mwaka 2015, na sidhani kuwa tumewahi kumwenzi ipasavyo kwa upande huu wa kazi yake.

Kama ushahidi huo hautoshi, na tuwaulize waliokuwa wakiliogopa duka la vitabu. Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga mwezi Mei 2025, alichapisha riwaya yake ya Kikuyu, Matigari ma Njirũũngi. Mnamo Februari 1987 polisi walipita madukani na katika ghala la mchapishaji wakazoa nakala zote. Serikali ya wakati huo haikuhangaika kukizima kitabu kwa hoja. Ilijua vyema mahali ambapo kitabu hukutana na msomaji, ikaenda kukatia hapo. Adui huenda akautambua uzito wa jambo kabla ya mwenyewe kuutambua.

Ramani ya leo

Anayetembea Nairobi leo kwa nia ya kutafuta kitabu ataona mambo ya kumtia moyo. Katikati ya jiji, Mama Ngina Street, duka la Prestige limedumu kwa miongo mingi likiwahudumia wasomaji wa kila namna. Moi Avenue, katika jumba la Bazaar Plaza, duka la Nuria la Abdullahi Bulle limejipatia jina kwa kufanya jambo ambalo maduka makubwa yalisitasita kulifanya: kuwapokea waandishi Wakenya waliojichapishia vitabu wenyewe. Mwandishi asiye na mchapishaji wala msambazaji, aliyezoea kubeba vitabu vyake katika mkoba na kuvinadi kanisani na kwenye harusi, amepata rafu. Ukivuka kwenda Westlands, utakuta jumba la Sarit Centre, ambamo Text Book Centre, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1964, imekuwa na tawi kwa miaka mingi. Kampuni hiyo hiyo imekuwa ikiidhamini Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, ambayo ina kitengo cha Kiswahili sawa na cha Kiingereza. Sarit pia ndipo Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1998.

Ukishika njia ya magharibi, matatu nambari 46 itakupitisha Hurlingham hadi Yaya Centre, ambako duka la Bookstop limekuwa kituo cha wapenzi wa vitabu vipya na vilivyokwisha kusomwa. Katika Ngong Road, karibu na Adams Arcade, wanawake wawili, Muthoni Muiruri na Wendy Njoroge, walifungua Soma Nami, duka lililojitolea kuuza fasihi ya Afrika. Jina lenyewe ni mwaliko: wenye duka hawakwambii nunua kwangu, wanakwambia tusome pamoja. Ama kwa hakika, hilo ndilo kiini cha kazi ninayoisifu hapa.

Wala tusiwasahau wasio na paa. Kando ya Tom Mboya Street, Moi Avenue na vichochoro vinavyoelekea River Road, wamo wauzaji waliotandaza vitabu juu ya magunia na karatasi za nailoni. Wakazi wa jiji huyaita maduka hayo "inama", kwa kuwa mnunuzi hana budi kuinama ili achague. Humo utakuta riwaya ya Kirusi imelaliwa na kitabu cha hesabu cha darasa la nane, na chini yake diwani ya mashairi ya Kiswahili ambayo mchapishaji wake aliacha kuichapa zamani. Wauzaji hawa huishi roho mkononi. Askari wa jiji, ambao sote tunawafahamu kwa jina la kanjo, wakitokea, duka zima hufungwa kwa pembe nne za gunia na kukimbizwa.

Naandika haya nikiwa na deni. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, nilisimama mbele ya gunia moja la aina hiyo nikitafuta kamusi ya bei nafuu. Mzee aliyekuwa akiuza aliniuliza ninasomea nini. Nilipomjibu kuwa ni Kiswahili, alicheka kidogo, akachakura rundo lake, akatoa Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1976, jalada limechakaa na ukurasa wa kwanza una jina la mtu nisiyemjua.

"Mwalimu, hiki umekisoma?" akaniuliza.

"La, mzee. Hakimo katika orodha yetu."

"Basi kichukue. Kamusi utaipata hata mwaka ujao. Ukikiona hakina maana, nirudishie kesho nikupe pesa zako."

Sikukirudisha. Sikuwa nimewahi kukutana na Kiswahili cha namna ile, kinachotiririka bila kujionyesha, wala na msichana kama Rehema aliyedhulumiwa urithi na damu yake mwenyewe. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne kwa alama ya juu, lakini hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kuwa kitabu hicho kipo. Aliyeniambia ni mtu aliyekuwa amekaa juu ya kibao kando ya barabara.

Kiswahili kimewekwa wapi?

Hapa ndipo furaha yangu inapoingia doa. Miezi michache iliyopita niliingia katika duka moja la kifahari katika mitaa ya magharibi, ambalo sitalitaja. Rafu zilipangwa kwa ustadi. Kulikuwa na kadi ndogo zilizoandikwa kwa mkono na wahudumu, kila mmoja akieleza kwa nini alikipenda kitabu fulani. Nilizisoma zote kwa hamu, na zote zilihusu vitabu vya Kiingereza. Nikamwuliza mhudumu, kijana mwenye adabu njema, vitabu vya Kiswahili viko wapi. Akanipeleka nyuma kabisa, karibu na stoo, penye vitabu vya kiada na miongozo ya mitihani. Riwaya za Kiswahili zilikuwa hapo, zimebanwa baina ya miongozo inayozifafanua.

"Ni kipi kipya ungenipendekezea?" nikauliza.

"Inategemea, uko kidato cha ngapi?" akanijibu.

Hakunikosea adabu. Alisema anachokijua: kwamba nchini Kenya mtu hatafuti riwaya ya Kiswahili ila ametumwa na shule. Na tukiwa wakweli, tutakiri kuwa jibu lake ni kioo chetu. Tangu Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, hadi Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, vitabu vya Kiswahili vinavyojulikana na umma ni vile vilivyowahi kuteuliwa kutahiniwa. Kitabu kikiteuliwa, huuzwa kwa maelfu yasiyohesabika. Muda wake wa kutahiniwa ukiisha, hurudi ghalani. Kile ambacho hakikuteuliwa hata mara moja, hicho huzaliwa na kufa pasipo matanga.

Chukua mfano wa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Safal-Cornell. Washindi wa kwanza walipatikana mwaka 2015. Miongoni mwao walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya Penzi la Damu, Enock Maregesi kwa Kolonia Santita, na Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu. Lengo la tuzo hiyo lilikuwa kuhimiza uandishi katika lugha za Kiafrika, na Kiswahili ndicho kilichopewa heshima ya kuanza. Sasa nawauliza wenzangu wanaosoma shahada ya Kiswahili: ni wangapi kati yetu wamesoma hata kimoja cha vitabu hivyo? Na miongoni mwa waliosoma, ni wangapi walikipata kwa kukikuta rafuni Nairobi? Tuzo hutangazwa na magazeti hupiga picha, lakini kitabu hakifiki mkononi mwa msomaji kwa kupigiwa makofi.

Kuna kasoro nyingine, nayo ni ya kijiografia. Barabara ya Gitanga huunganisha Lavington na Kawangware. Ni mwendo mfupi wa miguu, na vijana wa Kawangware hupita humo kila asubuhi wakienda kazini. Hata hivyo, maduka ya riwaya yameishia upande mmoja. Kawangware na Kangemi, maduka mengi yanayoitwa ya vitabu huuza madaftari, kalamu, karatasi za manila na vitabu vya kiada. Si kwamba wakazi wa huko hawawezi kusoma. Kiswahili ndicho wanachozungumzia sokoni, stejini na nyumbani, na kama riwaya mpya ya Kiswahili ina wasomaji wa asili katika jiji hili, basi ni wao. Tunakipeleka kitabu cha Kiswahili mahali ambapo hakuna anayekiuliza, na tunakinyima mahali ambapo kingeulizwa.

Nani alaumiwe?

Ni rahisi kuwatupia wauzaji lawama zote. Lakini Mgala muue na haki yake umpe. Rafu hulipiwa kodi ya pango kila mwezi, iwe kitabu kimenunuliwa au hakikununuliwa. Muuzaji wa kujitegemea hupewa punguzo na mchapishaji, na katika punguzo hilo ndimo hutoa mshahara, umeme, usafiri na riziki yake. Kitabu kinachokaa rafuni mwaka mzima kimekula nafasi ya kingine ambacho kingeuzwa mara kumi.

Zamani kulikuwa na namna ya kuufidia mzigo huo. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, shule zilipewa fedha za vitabu zikanunua katika maduka ya maeneo yao. Vitabu vya kiada vilikuwa shina, na shina hilo ndilo lililolisha matawi dhaifu kama riwaya na mashairi. Kuanzia mwaka 2018 Serikali ilibadilisha utaratibu. Ilianza kununua moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka vitabu hadi shuleni. Sababu zilitolewa, na hazikuwa za kupuuzwa: kulikuwa na malalamiko ya vitabu hewa na mapatano ya siri baina ya baadhi ya walimu wakuu na baadhi ya wauzaji, na lengo la kila mwanafunzi kuwa na kitabu chake lilikuwa jema. Lakini dawa ya kidonda iligeuka sumu kwa kiungo kizima. Wauzaji waaminifu walikatiwa shina pamoja na wezi, na maduka mengi, hasa madogo, yalifungwa au yakageuzwa kuwa ya vifaa vya kuandikia tu. Kabla ya hapo, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ilikuwa imekwisha kuvitia vitabu katika kodi ya asilimia 16, kana kwamba kusoma ni anasa.

Tukitazama kwa wenzetu, tutaona kuwa hali hii si majaaliwa. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1981 inayompa mchapishaji mamlaka ya kupanga bei ya kitabu na kumzuia muuzaji yeyote kushusha bei hiyo kwa zaidi ya asilimia 5. Nia ilikuwa kuliokoa duka dogo lisimezwe na maduka makubwa yanayoweza kuuza kitabu kwa hasara ili kumvuta mnunuzi wa nyama na sabuni. Nchini Marekani, chama cha wauza vitabu hutoa kila mwezi orodha ya vitabu vipya vilivyopendekezwa na wauzaji wenyewe, kila kimoja kikiwa na maneno machache ya muuzaji aliyekisoma. Huhitaji sheria kwa hilo. Unahitaji watu wanaosoma na kukubali kuweka jina lao chini ya pendekezo.

Na sasa nigeuke upande wetu. Tunapolalamika kuwa vitabu vya Kiswahili havipatikani, tukumbuke kilichoko nje ya malango ya vyuo vyetu: mashine za kutoa nakala. Nami nakiri kosa langu. Katika mwaka wangu wa pili nilitoa nakala ya diwani nzima ya hadithi fupi, ukurasa kwa ukurasa, nikaifunga kwa uzi wa plastiki, nikajiona mjanja kwa shilingi nilizookoa. Tulikuwa wengi darasani, na kila mmoja alikuwa na nakala kama yangu. Hesabu ni nyepesi: diwani ile ilikuwa na wasomaji darasa zima na mnunuzi mmoja tu. Muuzaji aliyeileta aliona nakala moja imeuzwa katika muhula mzima, na bila shaka hakuagiza tena. Siku hizi hata mashine hatuhitaji. Kitabu kizima hurushwa katika makundi ya simu kabla ya mwandishi kupata mrabaha wa kwanza. Kisha twaandika tasnifu kuhusu kudorora kwa uchapishaji wa Kiswahili.

Najua jibu: wanafunzi ni maskini. Ni kweli, na sitaki kuwahubiria walala njaa. Lakini umaskini unaokosa bei ya riwaya moja kwa muhula haujawahi kutuzuia kununua salio la simu. Na kwa yule ambaye kweli hana, ndiyo maana nilitangulia kuisifu inama. Kitabu cha mitumba ni halali, ni cha bei nafuu, na mwuzaji wake hukumbuka sura yako.

Tufanye nini?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Napendekeza mambo manne, na sikusudii yabaki katika kurasa hizi.

Kwanza, kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kilichoko Nairobi kichague duka moja na kufanya urafiki nalo. Kila mwezi wanachama wasome vitabu vitano vya Kiswahili visivyo vya kutahiniwa, wakubaliane, kisha waandike kadi fupi kwa kila kimoja na kumwomba mwenye duka azibandike kwenye rafu. Sentensi tatu zatosha: kitabu kinahusu nini, kimeandikwa kwa lugha gani, na nani atakipenda. Yule kijana aliyeniuliza niko kidato cha ngapi hakuwa na ubaya. Alikosa kadi.

Pili, tufufue baraza la Macgoye. Vyuo vina kumbi, lakini ukumbi wa chuo humtisha mtu asiye wa chuo. Duka lina mlango ulio wazi kwa barabara. Mwandishi wa Kiswahili akisoma kurasa mbili za kitabu chake dukani Jumamosi alasiri, mpita njia ataingia, na huenda akatoka na kitabu.

Tatu, wachapishaji wawape wauzaji wadogo wa Kangemi, Kawangware na Dagoretti vitabu vya Kiswahili kwa mali kauli. Muuzaji apokee nakala tano au kumi, alipe zilizouzwa, arudishe zilizobaki. Duka la madaftari lililo karibu na kituo cha matatu likiwa na rafu moja ya riwaya, mchapishaji hajapoteza kitu ambacho ghala lisingempotezea. Nasi tuwe tayari kwenda huko Jumamosi kueleza vitabu hivyo kwa Kiswahili cha watu.

Nne, vyama vyetu viungane na wauzaji na wachapishaji katika kuwasumbua wakubwa. Tudai kitabu kisitozwe kodi kama anasa. Tudai kuwa hata Serikali ikiendelea kununua vitabu vya kiada yenyewe, maduka ya mitaa yapewe sehemu katika usambazaji na katika kuzijaza maktaba za shule vitabu vya ziada. Na tudai kaunti iwatengee wauzaji wa inama mahali penye utulivu, badala ya kuwafukuza kama wanaouza bidhaa za wizi. Jiji linalomfukuza muuza vitabu linajifukuzia wenyewe wasomaji wa kesho.

Kwa wauzaji wenyewe nina ombi moja. Itoeni riwaya ya Kiswahili katika rafu ya mitihani. Iwekeni mbele, pamoja na riwaya nyingine za Afrika, kwa kuwa hapo ndipo mahali pake. Na mkimwajiri mhudumu, mwulizeni swali moja tu la ziada: kitabu gani cha Kiswahili umekisoma kwa hiari yako?

Hitimisho

Nilirudi kumtafuta yule mzee wa Nyota ya Rehema. Sikumpata. Mahali alipokuwa ametandaza gunia lake palikuwa na muuza vifuniko vya simu, naye hakujua habari zake. Nilitaka kumwambia kuwa kitabu alichonipa kilibadilisha nilichotaka kusomea, na kwamba nimekwisha kukiazima kwa watu wanne. Nilitaka pia kumwuliza swali ambalo sikuliuliza siku ile: baada ya hiki, nisome kipi?

Basi methali yetu ibaki katika insha za shule, lakini katika uwanja huu tuisahihishe. Kitabu chema hakijiuzi. Huuzwa na mtu aliyekisoma, kwa mtu anayemwamini, mahali wanapoweza kuonana. Mtu huyo angali yupo Nairobi, katika maduka ya Ngong Road na katika magunia ya Tom Mboya Street. Muhula huu, kabla hujafungua tena kundi la simu kutafuta nakala ya bure, mwendee. Mwulize ana kitabu gani kipya cha Kiswahili. Asipokuwa nacho, mtajie kimoja, kisha urudi wiki ijayo kukinunua.